Naomba ushauri: tunataka kusaidia mafunzo ya walimu, safari hii tusikosee

Mchangaji:
Wakuu, habari zenu. Tuko kumi na wawili, tulisoma shule moja ya msingi ya watu wa kipato cha chini. Mwaka jana tulichanga tukawalipia walimu wa pale semina ya siku 4 ya kufundisha kusoma. Vyeti vikatoka, picha ya pamoja ikapigwa.

Mwezi uliopita nilikaa dawati la nyuma, darasa la pili. Watoto zaidi ya 70 wanaitikia "ba, be, bi, bo, bu" kwa sauti nzuri kabisa. Nikamwonyesha binti aliyekaa nami "bu" peke yake. Kimya. Akaanza kunong'ona tangu "ba" mpaka akaifikia. Iliniuma sana. Tumepata tena fedha kidogo, tufanyeje?

MwalimuMkongwe:
Usimlaumu mwalimu, ndugu yangu. Semina inakufundisha ukumbini, ukirudi darasani huna wa kumuuliza. Mimi nilibadilishwa na mwenzangu mzoefu aliyekuwa akija darasani kwangu kila baada ya wiki mbili. Siku ya kwanza aliniambia jambo moja tu: ukiuliza swali, hesabu kimoyomoyo hadi tano ndipo umtaje mtoto. Wa nyuma wakaanza kunyoosha mikono.

Mtafiti_:
Hilo limepimwa. Afrika Kusini, jimbo la North West, makundi mawili ya shule yalipewa maandalio ya masomo yaleyale. Walimu wa kundi moja wakaitwa semina mara mbili kwa mwaka, wa kundi la pili wakatembelewa darasani na mkufunzi kila mwezi. Baada ya miaka miwili, watoto wa kundi la pili ndio waliosonga mbele zaidi katika kusoma. Fedha yenu iwe nauli na posho ya mkufunzi.

Bintiyao:
Mkuu wa shule mmemshirikisha? Asipotenga muda wa walimu kukaa pamoja, mkufunzi akiondoka na mambo yamekwisha. Japani walimu huandaa somo pamoja, mmoja akafundisha, wengine wakiwatazama watoto, kisha wakalijadili.

Mchangaji:
Nashukuru sana. Ila walimu hawatamwona huyo mkufunzi kama mkaguzi?

MwalimuMkongwe:
Watamwona hivyo akiandika ripoti ya kupeleka juu. Kubalianeni mapema kwamba anachokiandika anamwachia mwalimu mwenyewe.

Mchangaji:
Sawa, mwalimu. Jumatatu naenda kwa mkuu wa shule. Halafu nitamuuliza yule mwalimu wa darasa la pili, yeye angependa nani akae dawati la nyuma.