Ushauri: Mtoto anatahiriwa Jumamosi, ringi au kisu?

MamaTwaha: Wakuu, habari za jioni. Mwanangu ana miaka sita, anatahiriwa Jumamosi hii hapa Mbagala. Kati ya kisu na ringi, ile pete ya kubana govi, ipi haitoi damu nyingi? Nina wasiwasi mpaka sipati usingizi. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Kamba_Mbili: Miaka sita mmechelewa. Wangu wote niliwamaliza wakiwa wachanga, kilio cha nusu saa, yamekwisha.

Mzee wa Rufiji: Sisi tulipelekwa jandoni, ringi tungeijulia wapi? Ngariba na kisu chake, nyimbo mpaka alfajiri. Watoto wa chipsi hawa hata sindano wanaikimbia!

Nesi_Temeke: Dada, kwa nini unaogopa damu hasa? Ameshawahi kutoka damu ikagoma kukata?

MamaTwaha: Mara moja tu, alipong'oka jino la utoto. Ilitoka usiku kucha, asubuhi nikakuta bonge jeusi limening'inia kwenye fizi kama kipande cha ini. Na goti la kushoto huvimba akicheza mpira, ukiligusa ni la moto. Nampa diklofenaki. Ila zahanati walimpima wingi wa damu, wakasema yuko sawa.

Nesi_Temeke: Na upande wenu wewe, yupo mwanaume aliyepatwa na hayo?

MamaTwaha: Kaka yangu. Alifia jandoni, damu haikukata. Nyumbani walisema kijicho. Lakini nielewe, turubai limeshakodiwa, fundi kashachukua advansi, wakwe wanatoka Mkuranga, na baba yake hataki kusikia neno kuahirisha. Ndiyo maana nauliza ringi.

Binti_Kariakoo: Wanaume mnajali pilau kuliko mtoto. Leba uliingia peke yako mwenzangu, simama.

Chuma_cha_Reli: Chai hii. Kajiunga juzi, halafu jino, goti, marehemu mjomba, kila anachoulizwa na nesi kipo tayari. Wasimamizi futeni uzi.

Nesi_Temeke: Kipo tayari kwa sababu hemofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, ndivyo ilivyo. Mama anaibeba, pengine bila kujijua, na kila mtoto wa kiume anayemzaa ni nusu kwa nusu kuipata. Kinachopungua ni fakta, protini ya kugandisha damu, ya 8 au ya 9. Wingi wa damu hauwezi kukuonyesha hilo. Omba apimwe muda wa kuganda damu na kiwango cha fakta, Muhimbili wana kliniki ya hemofilia. Diklofenaki acha leo hii, inazidisha kutoka damu, maumivu mpe parasetamo. Goti likivimba, apumzike, weka barafu, wahi hospitali. Sindano ya msuli asichomwe kabla ya majibu. Kutahiriwa atatahiriwa, ila hospitali, tena fakta ikiwa imeshaingia mwilini. Ringi haimwokoi. Siku ya Hemofilia Duniani ipo kila Aprili 17 tangu 1989, na bado watoto wanazikwa kwa jina la kijicho. Inaniuma sana.

Mzee wa Rufiji: Nesi, jandoni kwetu kuna mwenzetu hakurudi. Tuliambiwa kavunja mwiko. Mama Twaha, mpe mumeo simu asome hapa, mwambie mzee mwenzake kasema advansi si kitu.

Chuma_cha_Reli: Sawa nesi, nimekuelewa. Mtoa mada alete mrejesho.

MamaTwaha: Kasoma yote. Kampigia fundi, wageni watakuja kula tu, Jumatatu tunakwenda Muhimbili. Mama mkwe kanuna. Nesi, na dada yake je? Hedhi inapita wiki, anabadilisha pedi kila saa, bibi yake anasema ndiyo damu ya ukoo.

Nesi_Temeke: Nenda naye siku hiyohiyo. Wabebaji wengine fakta zao ziko chini, na upo ugonjwa wa von Willebrand, nao wa damu kutoganda vizuri, unaowapata wasichana na wavulana. Mweleze daktari habari za mjomba wao kabla hajauliza.