Usaili: “Tupe mfano ulipofanya zaidi ya majukumu yako.” Wanapima bidii au wanatafuta punda?

Mawese Tupu
Wadau wa Kigoma na Tabora, habari za jioni. Hili swali limekuwa kama salamu. Uitwe usaili Kasulu, Kibondo, benki pale Mwanga, hata kampuni ya ulinzi, lazima likukute: “Tupe mfano wa siku ulipofanya zaidi ya ulivyotakiwa.” Nina mawili. Ni haki kumuuliza mtu hivyo kabla hajatajiwa hata mshahara? Na ajibuje asionekane mvivu wala punda?

Stoo Kipa
Naanza na la pili, la kwanza halimsaidii mwenye usaili Alhamisi.

Kila msaili ana fomu ya alama mbele yake, mara nyingi 1 mpaka 5. Uchovu wako hauna kisanduku kwenye ile fomu. Anachotafuta: uliona tatizo ambalo hukutumwa kuliona, ulipita njia halali kulitatua, na kilichobadilika kinahesabika. Jibu liwe dakika moja na nusu, likivuka mbili wanaanza kuangalia saa. Mpangilio ni ule wanaouita STAR: hali, jukumu, hatua, matokeo. Hali sentensi mbili. Jukumu sentensi moja, na hii ndiyo wengi wanairuka, jibu lote linaanguka hapo. Usiposema mpaka wa kazi yako ulikuwa wapi, paneli itajuaje kwamba uliuvuka?

Mfano, mtunza stoo ya dawa:

“Kwenye hesabu ya mwezi nilikuta katoni 40 za ORS, ile dawa ya maji ya wanaoharisha, zimebakiza miezi mitatu kuisha muda. Tulikuwa tunatoa katoni 4 kwa mwezi, maana yake 28 zingeharibika. Kazi yangu ilikuwa kujaza kadi ya stoo na kutoa taarifa. Nilitoa taarifa, kisha nikapitia leja ya miezi sita, nikaorodhesha vituo vinavyoishiwa ORS mapema, nikampelekea mfamasia pendekezo la kugawa upya. Alisaini. Mzigo ukaenda na safari zilizokuwa zimeshapangwa. Muda ulipofika zilikuwa zimebaki katoni 3.”

Tazameni hapo. Hakuna “nilikesha”. Mfamasia kasaini. Hakuna lita ya mafuta iliyoongezwa. Na baada ya jibu kuna maswali ya kuchimba, yaandaliwe mapema: ulimwambia nani kwanza? Nani alipinga? Ungerudia leo ungebadilisha nini?

Dada Gungu
Naunga mkono, naongeza yanayowaangusha watu kwenye mashirika ya huku kwetu.

La kwanza, kutoa pesa mfukoni. Mtu anasema kwa fahari, “nilimpa mkimbizi nauli yangu.” Anatarajia makofi. Paneli inasikia mtu asiyejua mpaka kati ya mhudumu na anayehudumiwa. Kanuni za maadili za mashirika yanayofanya kazi kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu zinakaza sana hapo, kwa sababu leo ni nauli, kesho aliyepewa anahisi anadaiwa kitu.

La pili, madereva. “Nilimkuta mama mjamzito njiani nikampakia.” Gari la shirika halipakii abiria asiyeidhinishwa. Jibu linalopita ni lile lenye redio ndani yake: nilisimama, nikaita ofisi, nikapewa ruhusa, nikaandika muda na kilomita kwenye kitabu cha gari.

La tatu, kushika kazi ya mwenzako bila yeye kujua. Hiyo mezani kwa wasaili inaitwa kuingilia.

Mgebuka
Dada Gungu, kwa hiyo mama ajifungulie kwenye vumbi la Kibondo mnasubiri redio iseme “ova”? Mmesoma mpaka mmekuwa mawe.

Dada Gungu
Kaka, kuita redio ni dakika mbili, na hizo dakika mbili ndizo zinazofanya kituo cha afya kijue mama anakuja. Mtandao ukikosekana unampakia, ukifika unaandika taarifa siku hiyo hiyo. Na kwenye usaili unalisema mwenyewe kabla hujaulizwa. Nani kasema aachwe?

Mgebuka
Wewe umesema “halipakii”.

Dada Gungu
Abiria ASIYEIDHINISHWA. Soma mpaka mwisho wa sentensi.

Isevya
Mimi nacheka tu. Stoo Kipa hizo katoni 40 ziko wapi? Umezitunga hapo ulipokaa. Mnafundisha watoto wa watu kukariri uongo halafu mnashangaa ofisi kujaa waongo. Na hayo mashirika yanapenda kuajiri Kigoma kwa sababu inajulikana, watu wa huko tangu enzi za manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge, ukimwambia ongeza mstari wa mkonge anaongeza, haulizi.

Stoo Kipa
Nimeandika “mfano”, ndugu. Anayeuchukua kama ulivyo ataumbuka kwenye swali la kuchimba la pili: “mfamasia alitumia fomu gani?” Jibu la kutunga lina uso lakini halina kisogo. Ukitaka kujua kwa nini wanauliza tukio la kweli badala ya “wewe ni mchapakazi?”, fuata nyuma mpaka 1954, Mmarekani John Flanagan alipochapisha njia ya kukusanya matukio halisi ya kazini. Kazi yenyewe ilianzia kwa marubani wa jeshi wakati wa vita. Tukio lililotokea lina maelezo ambayo mtu hawezi kuyakisia yote. Hiyo STAR yenyewe ni ya kampuni ya huko huko Marekani, DDI, 1974.

Mgebuka
Achana na Wamarekani kwanza. Isevya, rudia hiyo ya manamba.

Isevya
Nimesema historia. Au hawakupelekwa Tanga?

Mgebuka
Walipelekwa, tena wengi, kutoka Buha yote, nchi ya Waha. Na kama unajua historia, ijue mpaka mwisho. Manamba alikuwa na kipande, kadi ya siku 30. Kila siku alikuwa na mgao wake wa kukata. Akimaliza mgao jua likiwa bado juu, anarudi kambini analala. Asipomaliza, siku haiandikwi. Wapi hapo umeona mtu anaongeza mstari bila kuuliza? Yule ndiye mfanyakazi pekee aliyejua kazi inaanzia wapi na inaishia wapi! Nyinyi wa Tabora mliobeba pembe za ndovu za watu mpaka Bagamoyo kwa miguu ndio mtufundishe kukataa mzigo?

Asali Mbichi
Nilikuwa napita tu, ila hapo umenigusa. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa mkataba kuliko wote waliopita njia ile. Mzigo ni frasila mbili, hauzidi. Posho ya chakula inatajwa kabla ya kutoka. Mzigo ukizidi, au posho ikipungua, asubuhi msafara hauondoki, tajiri abebe mwenyewe. Hilo neno posho mnalosaini kwenye semina zenu limepita njia hiyo. Kwa hiyo Isevya, kabla hujawacheka Waha, waulize babu zako wangeijibu vipi paneli ikiwaambia watoe mfano wa siku walipobeba frasila ya tatu.

Mgebuka
🤝 Hapo sawa.

Isevya
Frasila mbili kilo ngapi, mwalimu?

Asali Mbichi
Kilo 32 hivi. Kanywe maji.

Kifungu cha 19
Mnapoteza muda na frasila wakati sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6. Ovataimu ni kwa makubaliano na haizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne. Sasa mtu anaingia kwenye usaili anasema, “mwezi mzima nilikuwa natoka saa nne usiku.” Alitakiwa kutoka saa kumi na moja jioni. Saa 5 mara siku 20 ni saa 100. Amewaambia wasaili kwamba mwajiri wake wa zamani alivunja sheria na yeye akashirikiana. Afisa rasilimali watu makini ataandika: huyu hajui kupanga kazi, ama hajui haki yake.

Mawese Tupu
Ovataimu si inalipwa mara mbili? Basi hakufanya zaidi, alifanya biashara.

Kifungu cha 19
Mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Mara mbili ni siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu. Usiku, saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kuna nyongeza ya asilimia 5. Na saa hizi hazimhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Meneja wa tawi asije kunilaumu.

Isevya
Asilimia 5 ya laki tatu wapi na wapi. Nunueni dagaa.

Bi Mkubwa wa Ujiji
Wanangu, mnagombana kama wapiga debe wa Kibirizi. Mimi kinachonisumbua katika hilo swali ni kujisifu. Mtoto tumemlea ajue chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo anakalishwa mbele ya watu watatu anaambiwa jitembeze. Wale wenye haya, hasa wasichana, wanasema “tulifanya, tulishirikiana”, wanatolewa. Anayepasua sauti anachukuliwa. Hiyo haki iko wapi?

Dada Gungu
Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo umelenga haswa, na ndilo linaloua watu wengi kuliko ule uongo anaoulalamikia Isevya. “Tulifanya” kwenye fomu ya alama haina mwenyewe, msaili hawezi kumpa wewe alama ya watu sita. Ila kuna njia ya kutovunja adabu. Taja timu mara moja mwanzoni, “tulikuwa sita”, halafu vitenzi vyako viwe vya nafsi ya kwanza na vya mkono: nilihesabu, niliandika, nilimpelekea, nilipiga simu. Acha sifa zote. Usiseme “nilijituma sana”. Kuhesabu siyo kujisifu. Sifa aiseme mwingine ndani ya jibu lako: “mfamasia aliamua mgao ufanyike hivyo kila robo mwaka.”

Bi Mkubwa wa Ujiji
Marahaba. Hiyo ya mfamasia nimeipenda.

Mgebuka
Chema kisichojitembeza siku ya usaili kinarudi Manyovu na basi la mchana. Samahani Bi Mkubwa.

Mtafuta Kazi 2
Naomba kuuliza. Kwa asiyewahi kuajiriwa kabisa?

Isevya
Atunge katoni.

Stoo Kipa
Usimsikilize. Chukua fildi ya chuo, kujitolea, duka la nyumbani, kamati ya harusi hata. Sharti ni lile lile: mpaka wa jukumu uonekane. Mfano wa aliyekuwa anaanika dagaa Kibirizi: aliambiwa aanike tu. Akaona walioanikwa chini wanashika mchanga na wanunuzi wanawashusha bei. Akamwomba mwenye mali wajaribu kichanja kimoja cha miti na wavu, wakapima debe la chini na debe la kichanja siku moja, wakalinganisha bei. Anatoa bei zote mbili kwa shilingi, basi. Hakuna cheti kinachohitajika hapo. Kinachoharibu ni kuleta tukio la miaka minane iliyopita ukiwa kidato cha pili, au kuleta msiba ili wasaili wakuonee huruma. Huruma haina kisanduku pia.

Mtafuta Kazi 2
Na serikalini wanauliza hivyo?

Kifungu cha 19
Kule kuna mchujo wa kuandika, vitendo kwa kada zinazohitaji, halafu mahojiano. Mahojiano yanaegemea taaluma yako zaidi, ila liandae, linaweza kuja likiwa limevaa nguo nyingine: “umewahi kubuni nini kuboresha huduma?” Na usitaje OPRAS, mfumo wa zamani wa kupima watumishi, kama ndiyo kipimo chako cha utendaji. Sasa hivi ni PEPMIS, utaonekana umelala.

Isevya
Watu wa Kigoma na vifupisho.

Mgebuka
Umeanza tena.

Isevya
Nimesema vifupisho, sikusema manamba.

Mawese Tupu
Jamani mimi ndiye mwenye uzi. Swali langu la kwanza mmeliruka wote. Ni HAKI kuulizwa hivi kabla ya kutajiwa mshahara?

Dada Gungu
Kwa maoni yangu ni haki likiulizwa na mwenye kazi inayoeleweka. Kama tangazo limeandika majukumu kumi na nne na la kumi na tano ni “kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake”, mpaka wenyewe haupo, utauvuka vipi? Hapo wanatafuta punda kweli, na Isevya kwa mara ya kwanza ana nusu ya hoja.

Isevya
Nusu?? Nimeanza nayo hiyo hoja.

Stoo Kipa
Hukuanza nayo. Ulianza na katoni zangu. Mawese Tupu, mwishoni paneli itakuambia “una swali?” Wengi wanasema sina, wanaaga. Uliza mawili tu, kwa upole: nafasi hii kwa kawaida inatoka saa ngapi, na ovataimu inaidhinishwa na nani? Usitazame midomo, tazama macho. Wakitazamana kabla ya kujibu, ushajua.

Mawese Tupu
Hii naichukua. Asante.

Mgebuka
Asali Mbichi, nimeuliza wazee huku, wanasema frasila moja ilikuwa ratili 40. Mbili ni kilo 36. Mmebeba zaidi ya mlivyopatana.

Asali Mbichi
Ratili 35. Waambie wazee wako warudi kwenye mizani, mimi nipo hapa siondoki.