Naomba ushauri: upepo wa tairi kwenye njia za msituni zenye mizizi

Wakuu, nahitaji msaada wa kupanga upepo. Baiskeli ni ya milimani, tairi za inchi 29 kwa 2.4, zina tyubu. Mwendeshaji na mkoba wake ni kilo 80 hivi. Njia ina mizizi iliyolowa, mawe na miteremko mikali.

Kwa PSI 30 (kipimo cha presha ya upepo) tairi inadunda juu ya mizizi na kuteleza. Ikishushwa hadi 22 inashika vizuri mno, ila tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Gurudumu la nyuma ndilo linaloumia zaidi, maana uzito mwingi uko huko.

Nafikiria mbele 23, nyuma 26. Au niondoe tyubu kabisa, nibandike utepe kwenye rimu na kutia mililita 100 hivi za maji ya kuziba pancha kila gurudumu? Rimu na tairi zinakubali mfumo huo. Shaka yangu ni kona kali: upepo ukiwa mdogo, ukingo wa tairi unaweza kuachia rimu na upepo ukatoka ghafla.

Mnaotumia hivyo, mnaweka PSI ngapi? Pampu ya mkono inatosha kukalisha tairi kwenye rimu, au lazima kompresa? Na tyubu ya akiba bado mnabeba?