Hoteli za Nyali: nchi saba kwenye menyu, sufuria moja jikoni

Wanamombasa, salaam. Mtaniwia radhi kwa ukali wa maneno, bado nina hasira.

Hebu mtu anieleze. Hoteli moja, jiko moja, wapishi wawili na kijana wa kuosha vyombo, inawezaje kuuza chakula cha Kitaliano, Kichina, Kihindi, Kithai, Kimeksiko, Kijapani na juu yake "Swahili dishes"? Na si hoteli moja peke yake. Vuka daraja la Nyali, shika Links Road, endelea Bamburi, Shanzu mpaka Mtwapa (najua Mtwapa ni Kilifi, lakini walaji ni sisi sisi), menyu ni ile ile. Picha zimetolewa kwenye intaneti, taa za rangi ukutani, muziki wa kukufanya upige kelele ukiomba chumvi.

Juzi Jumamosi dada yangu mkubwa, anayefanya kazi Dubai, alikuwa likizo, tukampeleka mojawapo ya hizo. Jina silitaji, sitaki kesi. Dada aliagiza tom yum, kwa sababu kule anaila kwa Wathai wenyewe. Supu hiyo ni ya kamba, nyepesi, imejaa mchaichai, majani ya ndimu, pilipili na sosi ya samaki. Ukiinusa tu, pua inafunguka. Kilicholetwa kilikuwa chekundu, kizito kwa unga wa mahindi, kitamu kwa sukari, na kamba waliopikwa mpaka wakawa mpira. Dada akaonja kijiko, akamwita mhudumu kwa upole kabisa: "Mwanangu, hii ni tomato sosi mumeitia maji moto." Kijana akasema, "Madam, hiyo ndiyo recipe yetu."

Yenu! Basi iiteni yenu. Iandikeni "supu ya nyumba" tuimeze kwa roho safi.

Carbonara (tambi za Kitaliano) ya mke wangu ilikuja na krimu, uyoga, na wallahi sisemi uongo, bizari. Kwao Roma ile ni mayai, jibini, pilipili manga na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Nyama ya nguruwe hakuna aliyeidai, sisi ni Waislamu, ukiweka ya ng'ombe tunashukuru. Lakini bizari imeingiaje? Imeingia kwa sababu ile sufuria ya sosi ni moja. Kuku wa Sichuan, nyama ya Kithai na fajita ya Kimeksiko zilizokuwa mezani kwetu zote zilikuwa kitunguu, pilipili hoho, sosi ya soya na unga wa mahindi. Chakula cha Sichuan, lile jimbo la China, sifa yake ni ile pilipili yao inayotia ganzi ulimi. Ulimi wangu ulibaki salama salimini.

Mpishi simlaumu. Ninaamini yule mpishi ukimwambia apike samaki wa kupaka utalamba vidole. Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Vitu vya Kithai karibu vyote viko mlangoni kwetu. Nazi zipo, mchaichai unaota nyuma ya nyumba Kisauni, ndimu na tangawizi utazipata Marikiti kila asubuhi, kamba wanatoka baharini hapo. Mtu aliyezaliwa akikuna nazi, mpe muda ajifunze mchuzi mmoja wa Kithai, atautoa vizuri kuliko hoteli kubwa za Nairobi. Lakini mwenye hoteli hataki mchuzi mmoja, anataka kurasa kumi na mbili zenye picha.

Sasa njooni kwenye halali, maana hili si la kuchekea. Nilimuuliza mhudumu kama risotto, ule wali wa Kitaliano, inatiwa mvinyo, kwa kuwa kawaida yake hutiwa. Nikauliza pia kuhusu mirin kwenye vyakula vya Kijapani, ambayo asili yake ni pombe ya mchele, na tiramisu, kitindamlo cha Kitaliano ambacho wengi hukitia pombe. Jibu: "Mzee usijali, kuku wetu tunanunua kwa Mwislamu." Nimekuuliza habari za kuku mimi? Nikaomba aulize jikoni. Akaenda, akarudi, akasema mpishi amesema "haina shida". Mlangoni wamebandika cheti cha halali kwa fremu ya dhahabu, na ndani hakuna anayejua kilichomo kwenye chupa anayoimimina. Tukaacha vyote vitatu, tukawaagizia watoto chipsi.

Samaki nitampitia haraka. Menyu imeandika chewa, sahani imeleta minofu laini ya barafu yenye ladha ya tope. Mtoto wa Pwani umuuzie tilapia ukimwita chewa? Na kamba kochi bei yake imeandikwa "muulize mhudumu". Nikamuuliza. Akasema amuulize meneja. Meneja katoka.

Bili ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu. Tulivyokula, kwa bei za menyu, ni shilingi 6,000. Karatasi ikaja na VAT ya asilimia 16, yaani 960. Chini yake ushuru wa utalii asilimia 2, yaani 120. Chini yake tena "service charge" asilimia 10, yaani 600. Jumla 7,680. Kwenye menyu nikatafuta mahali palipoandikwa kwamba bei hazijajumlisha kodi, nikapaona ukurasa wa mwisho, chini ya picha ya juisi, kwa maandishi ya kumtafutia bibi miwani. Nikamuuliza kijana hiyo 600 ya huduma inamfikia. Akatazama chini, akasema, "Hapana, boss."

Halafu kulipa. Naingiza nambari ya till kwenye M-Pesa, jina linalotokea ni la duka la vifaa vya ujenzi. Nikaomba risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, KRA, kwa sababu kama umenikata VAT, hiyo si pesa yako, ni ya KRA. Nikaambiwa "mashine iko chini". Basi na VAT ingekuwa chini pia! Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji. Bei kamili kabla sijafungua mdomo ni habari ninayoihitaji.

Najua kuna watakaosema, "Kama huna pesa, kula viazi karai Tudor." Viazi karai nakula, na yule mama ukwaju wake hauna unga wa mahindi. Wengine watasema chakula cha kigeni ni hivyo hivyo, hapa si Ulaya. Malindi ni Ulaya? Wataliano wako kule tangu enzi za San Marco, kituo chao cha kurushia roketi pale Ngomeni, miaka ya 1960, na mpaka leo utakula pizza na tambi zilizopikwa na watu wanaojua wanachopika, kilomita 120 tu kutoka hapa. Mandi ya Wayemeni hapa mjini hakuna anayeilalamikia. Kwa Wahindi wanaopika mboga tupu, hivyo hivyo. Hao wote wanapika cha kwao, menyu ukurasa mmoja.

Kwa hivyo nauliza wenzangu: upande wa Nyali mpaka Shanzu, ni wapi wanapika chakula cha nchi moja na wanakijua? Tajeni zinazofaa tu. Na tafadhali andikeni bei mliyolipa mlangoni mkitoka, ile ya kwenye menyu tumeshaiona.