Mpaka kati ya atomu na mtumbwi uko wapi? Tujadili

Mwanzisha mada, Kisumu:
Wadau, tunafundishwa kwamba elektroni yaweza kuwa katika hali mbili kwa pamoja mpaka ipimwe, lakini mtumbwi wa ufukweni Dunga hufuata sheria za Newton, uko mahali pamoja tu. Sawa, mstari wenyewe uko wapi? Mimi nasema haupo. Mwaka 1999 watafiti wa Vienna walipitisha molekuli za kaboni zenye atomu 60 kwenye wavu mwembamba ajabu, zikaonyesha tabia ya mawimbi. Kufikia 2019 wamefika molekuli za atomu 2,000 hivi. Maabara wanausogeza tu huo mpaka.

Fundi redio, Kondele:
Mbona boda yangu haijawahi kuwa Kondele na Kibuye saa ileile? Ningekula nauli mara mbili.

Mwanzisha mada:
Hahaa! Hewa na mwanga vinaigonga bila kukoma, na kila kinachoigonga kinaondoka na habari ya mahali ilipo. Hali mbili zinapotezana hapo hapo, hata asiwepo wa kutazama. Ndiyo maana Vienna wanafanyia kazi kwenye ombwe, pasipo hewa. Mwanafizikia Zeh alilieleza hili tangu 1970.

Mwalimu wa fizikia, Kakamega:
Ndugu yangu, hapo umeruka shimo. Hewa inaeleza kwa nini hatuoni hali mbili zikiingiliana. Haielezi kwa nini tunaona hii na si ile. Mwanafizikia Schrödinger alipoandika 1935 habari za paka wake sandukuni, hai na mfu kwa pamoja, alikuwa anaikejeli hoja kama yako. Ukifuta mpaka, paka anakurudia mlangoni.

Mwanafunzi, Nakuru:
Mwalimu, si mwanafizikia Bell alishawamaliza watu wa uhalisia, wale wanaosema kitu kina hali yake halisi hata kabla ya kupimwa?

Mwalimu:
La. Majaribio ya hoja ya Bell yaliyopewa Nobel 2022 yameangusha uhalisia unaoshikilia kwamba cha hapa hakigusi cha mbali papo hapo. Mwanafizikia Bohm, 1952, alikubali cha hapa kiguse cha mbali, na katika nadharia yake chembe zikabaki na mahali halisi. Mimi niko na nadharia ya wanafizikia Ghirardi, Rimini na Weber, 1986: chembe moja iliyo katika hali mbili huporomokea mahali pamoja yenyewe, labda mara moja kwa miaka milioni 300. Lakini mtumbwi una chembe nyingi kupindukia. Ikiporomoka moja, zote zinafuata, kwa hiyo mtumbwi haumalizi hata sekunde katika hali mbili. Huo ndio mpaka, na unapimika.

Mwanzisha mada:
Unapimika, nakubali. Ila hiyo milioni 300 haikutoka maabara. Waliichagua wenyewe, atomu ziponyoke na mitumbwi inaswe. Kwa nini isiwe milioni 30?