Bolti ya tapet kava imekula thredi kwa hedi (1NZ), naweza tengeneza nyumbani?

Probox_Lanet
Wasee habari zenu. Niko Nakuru, pande za Lanet, gari ni Probox ya injini ya 1NZ. Oili ilikuwa inavuja kwa tapet kava (kile kifuniko cha juu ya injini) mpaka inadondokea egzosti, ukisimama kwa jam unasikia harufu ya kuungua inaingia ndani ya gari. Nikanunua gasketi mpya nikaamua nitaeka mwenyewe juu si kazi ya kumwita mtu. Kava imetoka poa, nimesafisha, nimerudisha, naanza kukaza, sasa bolti moja ya kona ya nyuma inazunguka tu haishiki. Nikaitoa nikapata uzi wa aluminiamu umejizungusha kwa bolti kama springi, inamaanisha thredi (ile mikato bolti inashikia) za hedi, yaani kichwa cha injini chini ya kava, ndio zimetoka.

Nimeuliza mafundi watatu nikapata majibu matatu. Wa kwanza anataka tutoe hedi yote ipelekwe mashini. Wa pili anasema atatoboa atie bolti kubwa, ile ya spana 12. Wa tatu eti nijaze shimo na gundi ya chuma, nichovye bolti, ikauke, basi. Zile bolti zingine zote zimeshika vizuri. Naomba mniambie ukweli ni upi, na kama naweza fanya mwenyewe. Nina drili ya umeme, soketi, torki renchi (ile spana ya kupima nguvu ya kukaza) naeza azima. Ijumaa nafaa kuwa Kisumu na hii gari.

Mzee_wa_Salgaa
Bolti moja tu? Paka silikoni hapo kona uende zako. Mimi nimeendesha hivyo mwaka mzima na sijafa.

dada_wa_fielder
@Mzee_wa_Salgaa haujafa lakini oili juu ya egzosti ya moto si mchezo, hasa ukiwa unapanda Mau Summit na injini imechemka vizuri. Ya kwenda dukani na kurudi sawa, ya Kisumu hapana. Na silikoni haishikilii kava, inaziba tu mahali pamebanwa tayari.

Kibuye_Mashini
Salamu kutoka Kisumu. Ndugu wa Lanet, achana kabisa na hiyo ya kutoa hedi. Hedi inatolewa kwa sababu ya gasketi ya hedi ama vavu, haitolewi kwa sababu ya bolti ya M6 (upana wa milimita 6) inayoshika kifuniko. Huyo alikuwa anatafuta kazi ya wiki nzima.

Kabla ununue kitu chochote pima kina cha shimo. Ingiza kijiti chembamba mpaka kiguse chini, weka alama, alafu linganisha na urefu wa bolti ile sehemu inaingia ndani. Mara nyingi shimo limekatwa thredi kwenda chini kuliko pale bolti ya kampuni inafika, kwa hivyo huko chini unaeza pata thredi mpya ambazo hazijawahi kuguswa. Ukipata hivyo, bolti ndefu zaidi kwa milimita 4 au 5 inamaliza shida na hujatumia hata drili. Lakini isifike chini kabisa. Ikigusa chini utasikia imekaza vizuri na kumbe kava haijabanwa, ukiongeza nguvu unakata bolti au unapasua mahali pake. Na kama shimo limejaa oili ni vile vile, oili haibonyeki, bolti ikishuka inaisukuma na nguvu yote inaenda kwa ukuta wa hedi. Kausha shimo kwanza.

Ikikataa hapo sasa ndio tunaongea helikoili. Hii ni koili ya waya wa stenlesi, inakaa ndani ya shimo lililopanuliwa kidogo, na ndani yake unarudisha bolti yako ile ile ya zamani. Nunua seti ya M6 kwa 1.0 (hiyo 1.0 ni milimita kutoka thredi moja hadi nyingine). Ukipewa ya 1.25 rudisha, hiyo ni ya M8. Hakikisha seti imekuja na tapu yake (kile kifaa cha kukata thredi), juu tapu ya kawaida ya M6 haitakusaidia, hiyo ya helikoili ni nene zaidi. Drili biti ni 6.3, ukizunguka hadwea zote ukose, chukua ya robo inchi, ni 6.35 na inafanya vizuri tu. Iwe ya chuma, isiwe ile ya ukuta.

Mahali watu wanaharibia ni kutoboa pinde na kuangusha uchafu ndani. Kupinda kunazuilika kirahisi kwa sababu shimo liko tayari na unaondoa chuma kidogo sana, hata unaeza zungusha hiyo biti na mkono kwa mpini wa tapu pole pole badala ya drili ya umeme, mimi kwa M6 ndivyo napenda. Funga utepe kwa biti kuonyesha kina chako. Mwite mtu asimame kando akuangalie kama umesimama wima juu wewe mwenyewe ukiwa juu yake hauoni unainama upande gani.

Uchafu ndio utaua injini. Ziba kila mahali na matambara safi, hasa mbele pale tundu la cheni linashuka mpaka kwa sampu (bakuli la oili chini ya injini), na uyahesabu kabla ya kuanza ili yakitoka yawe yale yale. Paka biti grisi nyingi, na mifereji ya tapu pia ijae grisi, zile chembe zinashikwa hapo. Zungusha kidogo, toa, pangusa, paka tena. Usitegemee sumaku, aluminiamu haivutwi na sumaku, nimeona mtu akizungusha sumaku kwa kamshafti (shafti ya kufungua vavu) nusu saa anashangaa mbona hapati kitu.

Kukata thredi tumia mafuta ya taa kidogo, aluminiamu inayapenda, haishikani na tapu. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ukisikia imekuwa ngumu rudi nyuma, usilazimishe kamwe. Tapu ikikatikia ndani hapo ndio sasa yule wa kutoa hedi atakuwa na haki, kwa sababu tapu ni chuma kigumu, biti yako ya kawaida haitaikwaruza hata.

Koili unaizungusha na kifaa chake bila kukandamiza, inajivuta yenyewe, mpaka ikae chini ya uso wa hedi kama nusu mzunguko. Ikibaki juu kava haitalala. Kale kamkia ka chini ya koili, pale kifaa kinaishikia, kanavunjwa kwa kugongwa mara moja na kifaa chembamba, alafu lazima ukatoe. Weka grisi kwa kijiti ukashikishe, hapo pia sumaku inaeza kataa kwa sababu ni stenlesi.

Probox_Lanet
Asante sana @Kibuye_Mashini hii ni darasa kamili. Nimepima. Bolti inaingia karibu mpaka chini, imebaki kitu kama milimita 2, kwa hivyo ile ya bolti ndefu imekataa. Swali, kwa nini nisiweke tu bolti kubwa kama yule fundi wa pili alisema? Inaonekana rahisi, tapu ya M8 iko kila mahali.

Kibuye_Mashini
Angalia kava yenyewe. Tundu la kava limetobolewa kwa bolti ya M6 na ile washa ya raba imekatwa kwa M6. Ukiweka M8 lazima utoboe kava pia, washa haitaingia, utavuja oili hapo hapo mahali ulikuwa unazuia. Pia kale kanguzo bolti inaingia ndani yake ni kembamba. Tapu ya helikoili ya M6 inafika upana wa karibu 7.3, ya M8 inafika 8 kamili, hiyo tofauti inaonekana ndogo lakini ndiyo ukuta ulikuwa umebaki. Na siku M8 itakula utaenda wapi, M10?

Mzee_wa_Salgaa
Helikoili ni dawa ya muda, hata mkisema nini. Waya utashikaje bolti.

Kibuye_Mashini
Mzee wangu, injini za ndege zinatoka kiwandani na hizo koili tayari kwa mashimo ya plagi, kwa sababu aluminiamu peke yake haivumilii kufunguliwa na kufungwa kila mara. Bolti inashika kwa stenlesi, stenlesi inasambaza nguvu kwa aluminiamu kwa upana mkubwa zaidi. Ikiwekwa vizuri ni ngumu kuliko thredi ya kwanza. Ikiwekwa vibaya hapo nakubaliana na wewe.

boda_doctor
Wacha nichangie kama mtu wa pikipiki. Hapa kwetu Kondele M6 kwa aluminiamu ndio mkate wetu wa kila siku, kava za injini za boda zote zinashikwa na M6 na kila mtu anakaza na nguvu ya kufungua nati za lori. Kwa hivyo badala ya kutafuta seti kwa maduka ya spea za gari, ulizia kwa mafundi wa boda hapo Nakuru, hukosi mmoja ana tapu ya helikoili ya M6 na koili za kubaki, anakuuzia koili moja na anakukodishia tapu. Wengine hata watakuja kukufanyia hapo nyumbani kwa bei ya soda na nauli. Lakini mwambie kwanza kuhusu matambara, kwa pikipiki kava iko kando, uchafu unaanguka chini kwa udongo, hawajazoea kufanya juu ya kamshafti iko wazi.

Na hiyo gundi ya chuma usiguse. Haishiki mahali pamewahi kuwa na oili hata ukioshea petroli vipi, na ikishika kweli basi bolti haitoki tena siku ya kubadilisha gasketi.

mwenye_premio_Kakamega
Samahani naingilia. Yangu imekula kwa plagi, silinda ya tatu. Makanika anasema helikoili pia. Hiyo naweza fanya hivi hivi na grisi?

Kibuye_Mashini
Hapana, tuliza. Plagi ni M14 kwa 1.25, na chini ya shimo hakuna ukuta, kuna silinda yenyewe na pistoni. Chembe zikianguka zinakaa juu ya pistoni. Kuna watu hufanya na grisi pistoni ikiwa imeshuka, alafu wanapuliza hewa na kunyonya, na inafaulu, lakini si ya mtu kujifunzia. Pia kwa plagi mimi sipendi koili ya waya, napenda ile bushi nzima kama Time-Sert, ina ukingo juu hauiachi ishuke ndani na haitoki pamoja na plagi siku ya kufungua. Tafuta mtu mwenye hiyo seti. Kama hayuko hapo Kakamega, toa hedi, ufanyiwe ikiwa mezani.

Na plagi mpya zikirudi, anza kuzungusha na mkono, chomeka kipande cha mpira wa petroli kwa kichwa cha plagi uzungushe nacho. Ikiingia pinde mpira unateleza tu, haiharibu kitu. Injini ikiwa baridi.

dada_wa_fielder
Mimi naomba kuuliza kitu hakuna mtu ametaja. Torki ni ngapi? Juu wote mnasema usikaze sana na sana ni kiasi gani.

Kibuye_Mashini
Swali zuri. Hizo M6 za tapet kava ni kama Nm 10 (niutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kwa mkono, ni sawa na kushika spana sentimita 10 kutoka kwa bolti na kuvuta kwa nguvu ya kilo 10, basi. Kwa hivyo ratcheti ndefu weka mbali, shika ile fupi karibu na kichwa. Gasketi ni ya raba, haibanwi kwa nguvu, inabanwa kwa usawa. Anzia katikati ukitoka nje, mzunguko wa kwanza gusa tu, wa pili ndio umalize na torki renchi. Usipake thredi oili ukitumia torki renchi, inateleza, renchi inasoma 10 na bolti imevutwa zaidi, hivyo ndivyo thredi nyingi huharibika.

Probox_Lanet
Wadau naleta ripoti. Nilimpata fundi wa boda huku Free Area kama @boda_doctor alivyosema, akanikodishia tapu na kifaa cha kuingizia, koili mbili nikanunua moja ikiwa ya akiba. Biti nilipata ya robo inchi. Nimezungusha na mkono kama mzee wa Kibuye alivyosema, kijana wangu akisimama kando ananiambia "baba unalalia kushoto, baba unalalia kushoto" mpaka nikamwambia anyamaze kidogo, lakini enyewe nilikuwa nalalia kushoto. Aluminiamu yote ilitoka na grisi, zilikuwa chembe nyeusi ndogo ndogo kwa tambara. Matambara yalitoka yote. Koili imeshuka nusu mzunguko, kamkia nimekatoa na grisi.

Nimekaza kwa Nm 10, renchi ikalia, bolti ikashika. Nimewasha injini nikaiacha mpaka feni ikaingia, hiyo kona iko kavu. Lakini naona unyevu kidogo mbele, pale kava ya cheni inakutana na hedi. Hapo si ndio mahali gasketi inapita? Ama gasketi nimenunua ya bandia.

Kibuye_Mashini
Gasketi iko sawa. Hapo mbele kuna maungio mawili, kila upande moja, mahali kava ya cheni inaungana na hedi, na raba peke yake haizibi huo mstari. Inatakiwa tone la silikoni ya injini kwa kila kona kabla kava irudi. Fungua tena, haichukui muda, pangusa na kitambaa chenye petroli pakauke kabisa, weka tone dogo, kava ishuke mara moja usiivute vute, alafu iache ikauke usiku kabla uwashe. Ijumaa asubuhi pima oili na dipstiki kabla utoke, na ukifika Kericho simama upime tena.

Mzee_wa_Salgaa
Si nilisema silikoni.