Magobore mawili ya kale ya Tennessee: nichukue lipi?

Mgeni_Knoxville: Habari wadau. Mnada ni Jumamosi. Kuna magobore mawili ya milimani Tennessee, Marekani, ya karne ya 19, mapambo yake ya chuma, si shaba. La kwanza ni la gumegume (jiwe la kutoa cheche), linang'aa. La pili ni la fataki (kikofia kinacholipuka kikigongwa), shingo ya kitako ilivunjika zamani ikafungwa bati la shaba. La kwanza bei yake ni maradufu. Mnashaurije?

Fundi_Kasiba: Picha ziko wapi, ndugu? Mtutu una urefu gani? Juu yake kuna jina au herufi? Na umepima kama yana baruti ndani? Ingiza ufito wa mbao hadi ukome, tia alama mdomoni, utoe, uulaze nje ya mtutu. Ukiishia inchi moja au zaidi kabla ya tundu la moto, yaani kitundu cha ubavuni kinachopitisha moto kwenye baruti, hesabu kwamba limeshindiliwa. Baruti nyeusi iliyokaa kavu haizeeki.

Kale_Ni_Mali: Gumegume tu. Hilo la fataki lilishageuzwa kutoka gumegume, asili imepotea.

Bi_Jozi: Sikubaliani kabisa. Kugeuzwa ni sehemu ya maisha ya gobore. Mafundi walitoa kisahani cha baruti, wakapanua tundu la moto, wakakaza kipipa, yaani kibomba kifupi, chenye chuchu ya kuvalishwa fataki. Kwenye bamba la mtambo utaona matundu ya skrubu yaliyozibwa.

Fundi_Kasiba: Mimi hilo "linang'aa" ndilo linalonitisha. Mfano niliowahi kukagua: liliuzwa kama gumegume asilia, kumbe liligeuzwa fataki kisha likarudishwa gumegume. Bamba lilikuwa na vishimo vya kutu, lakini kisahani na chuma cha cheche (kinachopigwa na gumegume) vilikuwa na kingo kali kama za jana. Kuzunguka tundu la moto palionekana pete nyembamba, kwa sababu tundu la kipipa ni pana na lazima lizibwe kabla ya kutoboa dogo. Ubavu wa mtutu hapo haukuliwa na moto hata kidogo. Kwenye mbao ya mbele kila pini inayoshika mtutu ilikuwa na tundu la pili lililozibwa: mtutu ulikatwa nyuma, ukasogezwa. Kitako kilipigwa msasa hadi mbao ikawa chini ya ukingo wa bamba. Msasa huo haurudishiki.

Kale_Ni_Mali: Kukata mtutu nyuma ni ukarabati wa kawaida wa enzi hizo, tundu likishaliwa.

Fundi_Kasiba: Kweli. Ila muuzaji aseme.

Mgeni_Knoxville: Nimepima. La kwanza ufito umefika. La pili umeishia inchi 2 kabla! Pia lina tundu la duara ubavuni mwa kitako.

Bi_Jozi: Usiguse kifyatuo, usichokoe kwa chuma. Mjulishe msimamizi leo hii. Tundu hilo ni la mafuta ya kupaka kitambaa cha kufungia risasi, na ni dalili nzuri ya gobore la Kusini mwa Marekani.

Kale_Ni_Mali: Nzuri likiwa na mabaki ya mafuta meusi ndani. Tundu safi hutobolewa hata leo.

Fundi_Kasiba: Picha bado, ndugu.